Sumu Kwenye Sushi ya Madamu Orpha

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeanza shajara. Siku nitakapokuwa shefu watu watataka kujua nilianzia wapi, na mimi kumbukumbu yangu si nzuri.

Asubuhi kama kawaida. Mandazi manne ya Mama Fadhila, pale kwenye kona ya mtaa wetu hapa Kanyosha, na la tano la nyongeza. Miaka sita sasa ananiongezea moja bila kuombwa. "Chukua na hii, baba, ya nguvu." Sijaona mwanamke mwema kama yule Bujumbura nzima. Halafu kwa mguu mpaka Kinindo, maana petroli hakuna.

Kazini, habari kubwa. Mama Houda, mwenye mgahawa, ametuita mbele ya jiko, mimi na Térence. Anafungua ukumbi mpya unaotazama ziwa. Anataka shefu. Kofia nyeupe, jina kwenye orodha ya vyakula. "Mi nataka mutu moja tu ya kuvaa ile kofia," akasema. "Apana wawili." Atakayeivaa ni yule atakayemridhisha Madamu Orpha kwenye karamu yake, Jumamosi ya tarehe 16. Madamu Orpha ni mteja wetu mkubwa, ana kazi kwenye shirika, nyumba yake ni ya tatu kutoka mgahawani. Anatimiza miaka sitini. Anataka sushi.

Térence akaliandika neno hilo. Ni kijana wa Gihosha, mpole, mwenye daftari mfukoni. Nikaona nafasi. Nikasema sushi ndiyo kazi niliyojifunza Nairobi. Nairobi sijafika. Nimetoka Uvira, nikavuka mpaka, nikaishia hapa. Lakini simu yangu ina video.

Jioni tumbo limevimba tena. Nimefungua mkanda, nikafungua na kifungo. Odette, mke wangu, akatazama akasema: "Baba Divin, ile tumbo yako ni ya mandazi." Wivu tu. Hajawahi kumpenda Mama Fadhila.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeshtuka na bado sijatulia.

Madamu Orpha amekuja mwenyewe kutueleza. Hali ngano. Si kwamba haipendi, hawezi. Hata chembe. Kuna kitu ndani yake kinaitwa gluteni, na mwili wake unakikataa. Miaka tisa hajaonja sushi, kwa woga. Nikamuuliza akila inakuwaje. Akasema tumbo linavimba, mdomo unatoka vidonda, viwiko vinawasha, na anachoka kama aliyebeba magunia siku nzima. Nilimsikitikia sana. Mtu mzima, mwenye gari, kuangushwa na mkate. Niliyaandika yote kwenye kiganja huku nikijikuna kiwiko.

Nikamwambia atulie. Sushi ni wali na samaki, ngano itokee wapi? Akauliza juu ya mchuzi wa soya. Nikacheka. Soya ni soya. Térence akaitoa chupa yetu kwenye rafu, akaigeuza, akasoma kwa sauti: maji, soya, ngano, chumvi. Ngano! Mchuzi mweusi, mwembamba kama maji, una ngano. Miaka mitatu nimeutumia na sikuwahi kuigeuza chupa.

Hapo Madamu akafungua mkoba, akatoa chupa yake mwenyewe. Mchuzi wa soya usio na ngano, dada yake alimletea kutoka Ulaya. Umefika nusu. Alisema haijui chupa nyingine kama hiyo Burundi nzima. Akaikabidhi kwa mikono miwili. Kwangu, si kwa Térence.

Kofia naiona.

Jumatano, 6 Agosti

Majaribio yameanza. Mama Houda ameweka sheria. Kwa kuwa mgeni ana mwili wa kuogopa, mpishi ataonja kwanza kila kitu, na siku ya karamu ataonja mbele ya macho ya mgeni. Ndivyo tunavyofanya majumbani hapa. Ukimpa mgeni bia, unapiga funda moja wewe, aone hakuna kitu ndani, ndipo unampa. Sheria hii naiunga mkono kabisa. Leo nimeonja vipande thelathini na kimoja.

Vya majaribio nilichovya kwenye mchuzi wetu wa kawaida. Wa Madamu ni wa kutunza.

Mshtuko wa leo ni kaa. Niliwaona kwenye friji ya duka moja mjini, vijiti vyekundu na vyeupe, picha ya kaa kwenye pakiti. Nikanunua. Térence akageuza pakiti (huyu mtu hawezi kuona kitu bila kukigeuza) akasoma: samaki mweupe, wanga wa ngano, rangi. Kaa hayumo. Nimesoma mwenyewe mara mbili. Watu wamekaa kiwandani, wakachukua ngano, wakaipaka rangi, wakaiita kaa, na hakuna aliyewakamata. Nimekula pakiti yote, kisitupwe chakula.

Saa tisa mchana nikazidiwa. Tumbo, jasho, miguu kama si yangu. Nilikaa juu ya gunia la mchele nusu saa. Térence akaniletea chai na chapati ya moto, akasema nipumzike, vyombo ataosha yeye. Mwema sana. Mwema mno, nikifikiri vizuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nilitaka kummaliza Térence kwa pigo moja. Nilikwenda ufukweni alfajiri, nikachagua samaki sita wa mukeke, bado wanarukaruka, nikaingia nao jikoni kama bwana harusi. Samaki mbichi wa Tanganyika, saa moja tu kutoka majini. Shefu gani mwingine angefanya hivyo?

Térence akasema hapana. Samaki wa maji baridi mbichi ana minyoo isiyoonekana kwa macho. Inataka barafu kali kwa siku nyingi ndipo ife, na friji yetu inazimika kila umeme unapokatika, yaani kila siku. Tena Benite, binti wa Madamu, atakuwepo mezani na ana mimba ya miezi sita. Mwenye mimba hapewi samaki mbichi. Nikamwambia Nairobi wanakula hivyo hivyo. Akaniuliza mtaa gani. Nikabadilisha mazungumzo.

Mama Houda akampigia simu Madamu. Madamu akasema Térence yuko sawa. Mukeke upikwe, au ukaushwe kwa moshi vizuri mpaka uive. Parachichi, tango, yai. Basi.

Sushi bila samaki mbichi! Nilikwenda nyuma ya jiko na simu yangu nikatafute video ya kuwaaibisha wote. Nikaikuta. Mjapani mwenyewe, mzee, mwenye kofia. Anasema sushi si samaki. Sushi ni ule wali uliotiwa siki. Juu unaweka unachotaka. Siku nne nimezunguka Kinindo nikiwafundisha watu kwamba sushi maana yake ni samaki mbichi. Nimemfundisha hata mlinzi wa Madamu.

Nilirudi nikamwambia Térence nilikuwa namjaribu, na amefaulu. Akashukuru. Akanipa chapati mbili na mchuzi, nikala kwa uchungu. Haikupita saa, tumbo juu. Nimelala kwenye baraza miguu ukutani, na hapo ndipo jambo lilinijia, moja kwa moja, kama mtu aliyewasha taa.

Jumatano nilipozidiwa, nani alikuwa karibu? Térence. Chai ya nani? Ya Térence. Chapati ya leo? Térence. Na kofia ni moja.

Ananitilia sumu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemweleza Odette. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akarudia yake ya mandazi. Nimeoa mwanamke asiyeona hatari hata ikikaa naye mezani.

Nikaenda Buyenzi kwa Mzee Hamimu, mtu wa dawa, ambaye ameshawaokoa wengi waliolishwa vitu. Alinibonyeza tumbo, akafumba macho, akasema ndani humu kuna mkono wa mtu. Sikumwambia chochote kabla! Nikamtajia Térence. Akasema majina si kazi yake. Akanipa kikombe cha kitu kichungu ambacho sitakieleza, wala kilichofuata. Kisha sharti: "Mutoto wangu, siku saba, apana kula kitu ya mukono ya mutu." Nijipikie mwenyewe, vya kuchemsha tu. Wali, maharage, ndizi, viazi, mayai.

Nikauliza, na mandazi? Akauliza ni ya mkono wa nani. Nikasema ya Mama Fadhila, mwanamke mwema. Akasema mkono ni mkono.

Nilikaribia kulia mbele ya mzee wa watu.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku ya tatu ya sharti. Napita njia ya nyuma, kwenye mashimo, ili Mama Fadhila asinione nikipita mikono mitupu. Harufu inanifuata mpaka kwenye lami.

Nimejichemshia ndizi kwenye sufuria yangu, na sufuria naibeba begani kwenda na kurudi. Sionji mchuzi, sionji kitu. Majaribio anaonja Térence peke yake. Nimewaambia nimefunga kwa maombi. Mama Houda, ambaye ni Mwislamu wa kweli kweli, aliniuliza ni mfungo gani huo wenye ndizi sita. Nikamwambia ni wa kwetu Uvira.

Tumbo limenyamaza. Kiwiko cha kushoto kimenyamaza. Sitaki kusema sana.

Jumatano, 13 Agosti

Ushahidi umekamilika. Siku tano bila mkono wa Térence, na mimi ni mtu mpya. Vidonda vya mdomoni vimekauka. Mkanda umerudi matundu mawili. Leo nimepanda kutoka ziwani na kapu la mukeke kichwani bila kupumzika. Odette amesema nimerudia kuwa yule mwanamume aliyemuoa. Miaka yote hii nilifikiri ni uzee. Kumbe ni mtu!

Lakini nilitaka kumkamata kabisa. Saa ya chakula cha wafanyakazi Térence akaniwekea sahani, chapati na mchuzi wa nyama, akaenda kunawa. Nikabadilisha sahani haraka. Yangu kwake, yake kwangu. Akarudi, akala sahani yote iliyokusudiwa kuniua, akafuta na kipande cha mwisho. Ile iliyobaki mbele yangu nikampa paka wa jirani.

Nikasubiri. Nusu saa. Saa. Saa mbili. Térence alikuwa anakata matango na kuimba wimbo wa kanisani.

Nimeshtuka kuliko siku zote. Maana yake ni moja tu. Anakunywa dawa ya kuzuia kabla hajaniwekea. Huyu si mtu wa kawaida, amejipanga. (Paka pia mzima. Sijajua paka kapata wapi dawa.)

Na visa vyake vimezidi. Amenunua ubao mpya wa kukatia na kisu kipya, vya sushi ya Madamu tu. Amemwomba Mama Houda Jumamosi pasikandwe chapati kabisa, eti unga unaruka hewani na kutua kila mahali, na chembe moja inatosha kumlaza Madamu. Amehamisha meza kwenye baraza. Ameiosha mara tatu. Najiuliza, nani anaosha meza mara tatu kama hana kitu cha kuficha?

Alhamisi, 14 Agosti

Mungu wangu.

Chupa ya Madamu. Nilikuwa naificha Térence asije akaitia kitu. Jumanne niliificha kwenye gunia la mchele. Jana ndani ya buti langu. Leo niliona mahali salama kabisa ni nyuma ya makaa, maana Térence hapendi kuchafuka. Nikaisukuma ndani kwa mguu. Kifuniko sikukikaza. Saa nane nilipokwenda kuitazama, chupa ilikuwa imelala ubavu, nzima, haina hata ufa. Mchuzi ndio uliokuwa umeondoka. Makaa yalikuwa yananukia vizuri sana.

Chupa pekee Burundi nzima, na aliikabidhi kwa mikono miwili.

Nilikaa pale chini nikapima. Nikisema, kofia inakwenda kwa Térence leo leo, muuaji awe shefu. Nisiposema, chupa tupu itasema yenyewe. Na kwenye rafu kuna mchuzi wetu wa kawaida. Rangi ile ile, harufu ile ile.

Nikafikiri juu ya Madamu. Miaka tisa ni mingi, pengine ugonjwa umeshachoka wenyewe. Ni mama mwenye mwili, na mchuzi ni matone. Na ni sherehe, watu hawaugui kwenye sherehe.

Nimeijaza. Nimeijaza mpaka shingoni, maana nikifanya jambo nalifanya vizuri.

Najisikia vibaya. Naandika hapa ili ijulikane kwamba nilijisikia vibaya.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa kitandani. Odette ameniwekea beseni. Nitaandika yote, kwa mpangilio, nikiweza.

Sharti la siku saba lilikwisha jana. Basi asubuhi nilipita njia ya mbele, kifua wazi. Mama Fadhila alifurahi akaniwekea manne na la nyongeza. Nilikula nimesimama, na macho yalinitoka machozi. Kazini sikugusa chochote cha Térence, hata maji. Kuanzia saa tano nilikuwa naandaa mchuzi wangu, naonja kidogo, naonja tena, nikijua ndani ya ile chupa mkono ni wangu peke yangu.

Saa tisa wageni wakakaa barazani. Madamu Orpha kwenye kitenge kipya, Benite na tumbo lake, watu wanane wengine, Mama Houda amesimama nyuma yao na kofia nyeupe mkononi. Nasema kweli, sahani zilikuwa nzuri. Mukeke wa moshi, parachichi, yai, majani meusi ya bahari yamekazwa sawasawa. Térence alitangulia kuonja zake mbele ya Madamu, kavu, bila mchuzi. Zamu yangu nikamimina mchuzi kwenye kibakuli, nikachovya vipande vitatu, nikala vyote vitatu, nikainama kidogo.

Sikuweza kuinuka vizuri. Tumbo lilinguruma mpaka Benite akageuka kutazama kama kuna pikipiki. Jasho. Miguu ikaondoka. Nikashika kiti cha mtu. Sikula kitu cha Térence, nikawaza, sasa inatoka wapi? Ndipo nikaelewa. Ameitia kwenye chupa. Pamoja na gunia, na buti, na makaa, ameipata.

Na Madamu alikuwa ameshachovya. Kipande kilikuwa mkononi, kinadondosha, na alikuwa anamwambia binti yake, pole pole, kwamba miaka tisa aliota siku hii. Macho yake yalikuwa yameloa. Nikaona kitakachotokea. Kama ni sumu ya Térence, anakufa. Kama si ya Térence, basi ni ngano, na ya ngano ni yangu. Upande wowote, mama wa watu anaanguka siku ya kuzaliwa kwake na mimi ndiye niliyemimina.

Nikamrukia. Nikaunyakua mkono wake, nikakitoa kile kipande, na kwa kuwa sikuwa na mahali pa kukiweka, nikakimeza.

Nikanyoosha kidole. Nikasema Térence ametia sumu kwenye mchuzi, amenilisha sumu tangu wiki jana, anataka kofia. Niliyasema yote. Chai, chapati, sahani, dawa ya kuzuia. Nilimtaja na paka.

Térence aliniangalia kama mtu aliyepigwa kofi kanisani. Kisha akaja, akachukua kibakuli cha mchuzi, akanywa chote, funda kwa funda, mbele ya kila mtu, akakigeuza juu chini. "Mukubwa, ona," akasema. "Iko wapi sumu?" Akabaki amesimama pale. Tukamtazama. Hakuna kilichotokea, isipokuwa kwamba alipiga kwikwi kwa ajili ya chumvi.

Madamu akaniuliza, kwa upole, nasikia nini hasa. Nikamwambia. Tumbo kuvimba. Vidonda mdomoni. Viwiko. Uchovu wa kubeba magunia. Akauliza, na uliacha lini kuumwa? Nikasema siku saba nilipokula ndizi na wali peke yake. Akauliza leo nimekula nini. Nikasema mandazi matano na mchuzi huu.

Akaitazama chupa. Akaniita kwa jina langu: "Bahizire. Hii chupa mi nilikupa imefika nusu. Juu ya nini leo imejaa?"

Tumbo ndilo lililojibu kwanza.

Nikasema ukweli. Makaa, kifuniko, rafu. Mama Houda akakaa chini bila kutazama kama kuna kiti, bahati kilikuwepo. Benite akaziondoa sahani zote zilizoguswa na mchuzi. Madamu hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema angelala kitandani wiki nzima, na mimi nilijua, na nilimimina. Nimewahi kuona aibu mara nyingi maishani, lakini ya leo ni nyingine. Nilitamani baraza inimeze.

Térence alikuwa ametenga sinia moja ndani, amelifunika, halijakaribia mchuzi wowote. Limau na chumvi kwenye kibakuli kipya. Alisema daima huweka moja pembeni. Akaonja kipande mbele ya Madamu, akampa. Madamu alikula kumi na kimoja. Cha kwanza alilia. Wageni wakapiga makofi, wakamwimbia.

Makofi niliyasikia nikiwa chooni.

Jumatatu, 18 Agosti

Kofia amevaa Térence. Inamkaa vizuri, nitasema hivyo na sitasema zaidi. Mama Houda alitaka kunifukuza kabisa, lakini Madamu alimwomba asifanye. Alisema niliinyakua ile sushi mkononi mwake, na hilo nalo lihesabiwe. Sasa nachoma mishikaki uani, mbali na unga, na chupa yoyote siruhusiwi kuigusa.

Madamu pia alinituma kwa daktari wake. Daktari akaniuliza maswali yale yale, akachukua damu, akasema majibu yatachelewa, lakini dalili anazijua na hana shaka kubwa. Kuanzia leo niache ngano. Mkate, chapati, mandazi, tambi, mchuzi ule, na vile vijiti vya kaa bandia. Nilishtuka nikaomba maji. Mimi, mtu wa Uvira, ninayekwenda kwa mguu, nina ugonjwa wa wenye magari!

Nikamuuliza, kwa hiyo hakuna aliyenilisha sumu? Daktari alicheka. Alisema sumu yangu mimi ni ngano, na nimekuwa nikiimeza kwa miaka.

Nimemwomba Térence msamaha, mbele ya wote. "Apana shida, mukubwa," akasema. Akaniletea kipande cha sushi, mukeke na parachichi, akamega nusu akala mbele yangu, nusu akanipa. Nilikula. Tumbo kimya. Nimekosea sana juu ya yule kijana na nimeyaandika hapa ili nisisahau.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekaa na maneno ya daktari tangu jana. Sumu yangu ni ngano. Nimeilishwa kwa miaka.

Kwa miaka. Térence nimefanya naye kazi miezi minane tu, na chapati zake zimeanza mwezi huu. Tumbo langu ni la zamani kuliko Térence. Basi si yeye, hilo limekwisha. Lakini mtu yupo. Nani yuko na mimi miaka sita? Nani ananipa ngano kila asubuhi, manne, na kwa nini la tano ni la bure? Nani anatoa kitu bure miaka sita kwa mtu ambaye si ndugu yake?

Na jambo moja limenifanya nisimame katikati ya njia leo. Miaka sita, Mama Fadhila hajawahi kuonja mbele yangu. Hata mara moja. Ananiwekea kwenye karatasi, anatabasamu, anasema ya nguvu.

Nimemweleza Odette. Amesema alinionya tangu siku ya kwanza kwamba ni mandazi. Kwa hiyo hata yeye alikuwa anamshuku.

Nimeshtuka, lakini safari hii sitapaparika. Sitamtaja mtu bila ushahidi. Kesho naanza kumchunguza, taratibu, kwa wiki mbili au tatu. Nitapita njia ya mbele, saa ile ile. Nitanunua manne kama kawaida, na la nyongeza nitalipokea, na nitayala yote pale pale mbele yake mpaka la mwisho, ili asijue kwamba nimeshajua.